Mati Chini, Kitambaa Juu

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimechoka. Naanza na hilo ili nikumbuke kwamba nilikuwa nimechoka hata kabla ya habari yenyewe.

Habari yenyewe: kazi imepatikana. Kanisa la walokole kule Mshangano limejenga bwawa la ubatizo. Tofali na plasta, kina cha kifua, ngazi za kushukia. Wakalijaza maji, asubuhi wakakuta tope nje na bwawa tupu. Sasa wanataka lizibwe kwa fiba, nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini. Nimekubali. Tangu wenye mabasi waanze kununua bampa za plastiki badala ya zangu za fiba, nani tena ananiita mimi?

Mchungaji wao, Fulgence, ni mtu mpole, sauti kubwa kuliko mwili. Kanisalimu, "Bwana Yesu asifiwe!" Na mimi kwa mazoea yangu ya Kikatoliki: "Milele amina!" Akacheka. Sikucheka, nilikuwa napima kona.

Habari ya pili imekuja jioni. Anjelika alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Akasema, Mama, lile bwawa ni letu. Letu sisi nani? Sisi tutakaobatizwa tarehe ishirini. Na mimi nimo.

Nilijua anakwenda kwenye maombi yao. Nilidhani ni ujana tu, magitaa na kwaya. Nikamwambia wewe ulishabatizwa, nilikubeba mwenyewe, ulilia hadi Padre akasahau maneno. Akasema, lakini sikuamua mimi, Mama. Hata kuzaliwa hukuamua! Mume wangu Cornel akakohoa kule chumbani. Kile kikohozi chake cha kuniambia ninyamaze.

Mtoto wetu ni mmoja tu. Ana cherehani yake sokoni, anajitegemea, hana utovu wa adabu. Angekuwa mhuni ningejua la kufanya. Na bwawa la kumtolea kanisani kwetu nalijenga mimi!


Alhamisi, 3 Julai

Leo ni ugomvi wa siku zote, mimi na Cornel: mati au kitambaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, alipokuwa anaunda bodi za mabasi. Vumbi la fiba limemmaliza kifua, sasa anakaa barazani kwetu Lizaboni na blanketi mabegani, anaamuru. Anasema kitambaa. Kimefumwa, nyuzi zimenyooka, kina nguvu, juu kinabaki laini. Kweli. Lakini kitambaa kina kiburi. Ukikifikisha kwenye kona kinainuka, kinaacha hewa chini, na maji yanapenda hewa. Lile bwawa lina kona kila mahali, ngazi zenyewe ni kona tupu.

Mimi ni mtu wa mati. Nyuzi fupi fupi zimetupwa ovyo, zimeshikizwa kwa gundi. Ukimwagia resini ile gundi inayeyuka, mati inalegea, inaingia popote unapoisukuma. Inakunywa resini kama mlevi, sawa. Na ikikauka inaacha vinywele vinavyochoma. Lakini haivuji.

Tena mati ipo hapa hapa mjini. Kitambaa mpaka kiagizwe Dar. Nikasema mati peke yake, basi. Cornel akasema watu watapiga magoti humo, Bernadina. Nikasema wapige, si wanatubu?

Walburga amepita jioni. Mwenyekiti wetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, habari humfikia kabla ya mwenye habari. Ati wewe, mhazini wa akina mama, unajenga bwawa la kutuibia watoto? Nikamwambia ni kazi. Kwani fundi wa majeneza ndiye anayeua? Akauliza polepole, na Anjelika hajambo? Anajua kila kitu yule. Nikamwekea chai, sukari nyingi, anyamaze.

Niandike na hili. Nimewaza: ningeweza kutandika mati nyembamba, safu moja. Likajaa vizuri tarehe kumi na tisa, likavuja tarehe ishirini mbele ya kusanyiko. Nimeliwaza nikiwa nachambua likolo, mboga ya jioni, nikalichambua hadi likabaki mabua.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi nimo shimoni.

Jumamosi nilisugua kuta zote kwa msasa, nikazifuta vumbi, zikawa kavu safi. Leo nimetandika. Baridi hii ya Julai ni adui, resini haigandi mpaka jua lipande, kwa hiyo asubuhi yote nimekaa juu ya ndoo nasubiri. Mama mmoja wa kanisa lao kaniletea viazi vya moto na chai. Kanishika mkono na kuniita mama mtumishi. Sijui utumishi gani. Nimekula viazi.

Nimetandika safu mbili. Nzito, za haki. Ile ya wembamba imenishinda. Mkono umefanya kama ulivyozoea, sikuuliza.

Nawashwa kama nimelala kwenye upupu. Nimeoga maji ya baridi kwanza, ya moto yanafungua ngozi vinywele vikaingia. Julai, Songea, maji ya baridi! Nilipiga kelele Cornel akacheka mpaka akakohoa.


Jumanne, 8 Julai

Inabanduka!

Nimefika, nikagusa ukuta wa kushoto kwa ukucha. Ikatoka, kipande kizima, kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nikadhani dawa ya kugandisha imezeeka. Nikadhani baridi. Lakini sakafu imeshika, ngazi zimeshika. Ni kuta tu. Tena si kuta nzima, ni mistari mistari usawa wa kifua cha mtu, na ndani ya mistari mapovu, kila povu ukubwa wa kiganja. Nikabandua moja. Plasta chini ina doa jeusi, inateleza. Nikanusa.

Mafuta ya zeituni.

Nikamuuliza mlinzi, Mzee Alfani. Akasema bila wasiwasi, Jumapili jioni vijana wa maombi waliingia humo wakapaka kuta upako huku wakiimba. Alidhani ni mimi nimeagiza, kwamba ndivyo fiba inavyotaka. Yeye Mwislamu, angejuaje?

Upako! Kuta nilizozisugua mpaka mabega yakalia, wao wamezipaka mafuta kama kikaango. Resini na mafuta havikai nyumba moja, hilo hata mimi na Cornel hatujawahi kubishania.

Nikakaa kwenye ngazi. Halafu nikafurahi. Nimefurahi kweli kweli, moyo mwepesi kama sijaubeba wiki nzima. Bwawa hakuna, ubatizo hakuna. Na sikufanya kitu! Wamejifanyia wenyewe. Mungu si Athumani. Kwenye bodaboda nimeimba wimbo wa Mama Maria hadi dereva akageuka kuniangalia.

Nyumbani nikamsimulia Cornel kwa sauti, nacheka, wajinga gani hao wapake mafuta kwenye ukuta wa fiba. Anjelika alikuwa anapiga pasi. Akaacha pasi, akaingia chumbani kwake.


Jumatano, 9 Julai

Kumbe ni yeye.

Amekuja asubuhi, amesimama mlangoni kama mgeni. Ananiambia, Mama, mafuta nimenunua mimi. Niliona hulali, mgongo, unageuka geuka. Nikawaambia wenzangu tumwombee mama mikono yake, tupake kila mahali itakapogusa.

Akauliza kama ni dhambi. Nikasema si dhambi, ni ujinga. Nikatoka kwenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshalishwa. Nikawalisha tena, nalia, na wao wanakula tu.

Nina hasira. Mtu anakuombea, hapo hapo anakuharibia kazi! Lakini sijawahi kusikia mtu akiombea mikono yangu. Kwenye jumuiya tunaombea mvua, tunaombea wagonjwa, tunaombea kifua cha Cornel. Mikono yangu ninaijua mimi tu. Ina nyufa, haina kucha za maana, na yeye aliikumbuka.

Ile furaha ya jana imekwenda. Nimeitafuta, haipo.


Alhamisi, 10 Julai

Kikao Mshangano. Wazee wa kanisa kwenye benchi, vijana nyuma.

Mzee Bartolomeo, mzee wao wa kanisa, hakuzunguka. Alisema, tuseme ukweli, mama huyu ni Mkatoliki, binti yake anaokoka, bwawa linabanduka, kuna nini hapo cha kuuliza? Ametuhujumu. Mchungaji Fulgence aliangalia viatu vyake.

Nilimwona Anjelika anainuka kule nyuma. Uso umemkauka. Najua watu wa kanisa, wetu na wao ni wale wale. Wasingesema mafuta yameharibu ukuta, upako hauharibu kitu. Wangeanza kumchunguza imani yake, kuna nini ndani ya huyu binti hata upako ukakataa. Na yeye, alivyo, angeamini.

Nikamwahi. Nikasimama na kusema, ni mimi. Baridi, haraka zangu, ukuta haukukauka vizuri. Fundi akikosa hurudia, nitarudia, na tarehe ishirini itakuta bwawa lipo.

Nikakaa. Nilipewa njia ya kutokea, imefunguliwa wazi, nimeifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa hata nikitaka livuje siwezi. Likivuja nimehujumu.

Mchungaji akasema tumwombee fundi wetu. Wakaomba. Kwa sauti zote kwa pamoja, kama soko. Nikasali Salamu Maria moyoni.


Jumamosi, 12 Julai

Siku nzima kukwangua. Grenda mpaka plasta ikafika kwenye rangi yake ya kwanza, halafu sabuni ya unga, halafu thina. Kichwa kinauma kwa harufu.

Saa nne Anjelika akatokea. Amefunga kibanda chake cha cherehani, Jumamosi, siku ya wateja! Kavaa gauni kuukuu, kajifunga kilemba. Nikampa barakoa na brashi. Amesugua mafuta yake mwenyewe, mkono kwa mkono, bila kuinua kichwa.

Mchana bodaboda kaleta gunia kutoka stendi. Kitambaa cha fiba! Cornel amekiagiza Dar kwa rafiki yake wa mabasi, tangu ile Alhamisi ya ugomvi, bila kunieleza. Mwanaume huyu! Kifua hakina pumzi, ubishi unazo.

Nikasema basi, kimeshakuja. Mati chini ishike ukuta na kuziba, kitambaa juu kiwe laini kwa magoti yao. Nikajaribu kipande kikavu kwenye kona ya ngazi. Kikainuka, kama nilivyosema. Nikakikandamiza, kikainuka upande wa pili. Nikatukana kidogo, kanisani kwa watu.

Anjelika alikuwa anakivuta kile kitambaa kwa vidole, hivi na hivi, anavyofanya na vitambaa vya wateja. Akasema, Mama, mbona unakata kwa kufuata uzi? Kata mshazari. Hata kola ukiikata wima haikai shingoni.

Nikakata mshazari. Nikakiweka. Kikalala kwenye kona, kikajikunja na ngazi, kikatulia kama mtoto aliyeshiba. Miaka yote hii! Mimi na Cornel tumegombana, tumenuniana, tumelala tumepeana migongo kwa sababu ya kona, na hakuna aliyegeuza mkasi.

Tukacheka. Kwa sauti kubwa, kwenye shimo lile inarudi. Halafu akauliza, akiwa bado anacheka, Mama, utakuja siku hiyo? Nikasema Jumapili nina misa. Akasema haya. Akachukua mkasi akaendelea kukata.


Jumatatu, 14 Julai

Mati imeingia. Kesho kitambaa. Siwezi kushika kalamu vizuri.


Jumanne, 15 Julai

Kitambaa kimeingia. Tumetandika pamoja, yeye anakata, mimi napaka, wote wawili tunafukuza hewa kwa rola. Hakuna povu. Nimeangalia kwa tochi, hakuna hata moja.

Leo na yeye anajikuna. Nilisikia kelele zake kule bafuni na maji ya baridi, nikacheka peke yangu jikoni.

Nimemwambia Cornel kitambaa kimekubali kona. Akasema, nilisema. Ulisema kitambaa peke yake! Nilisema kitambaa, akasema, akajifunika blanketi.


Alhamisi, 17 Julai

Walburga na akina mama wawili. Hawakukaa. Wamefikiri, wameona nipumzike uhazini, kwa muda tu, mpaka mambo yatulie. Jumapili baada ya misa ya pili nikabidhi.

Nipumzike! Ndilo neno nililokuwa nalitafuta tangu mwezi uanze, na tazama limeingia kwa mlango upi. Nimewasindikiza mpaka barabarani kama adabu inavyotaka, nikarudi, nikakaa kitandani na viatu.

Anjelika hajui. Nimemwambia Cornel asimwambie.


Jumamosi, 19 Julai

Limejaa tangu jana. Nilichora mstari wa chaki usawa wa maji. Leo mstari na maji vimelingana. Halivuji!

Kabla ya kulijaza nilipitisha kiganja ukuta mzima, ngazi zote, natafuta unywele mmoja wa kuchoma. Sikuupata. Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na siwezi kumwonyesha mtu ninayesali naye.

Mchungaji Fulgence kaniuliza, mama, kesho utakuwepo? Nikamwambia nitapita asubuhi kuangalia maji. Kuangalia maji tu.


Jumapili, 20 Julai

Naandika hapa hapa Mshangano, nimekaa juu ya tofali zilizobaki. Ukungu, baridi ya kukata masikio. Niliangalia maji zamani, yako sawa. Ningekuwa nimeshaondoka. Misa ya pili inaanza muda si mrefu na mimi natakiwa kukabidhi.

Cornel kabaki na kifua chake. Aliniambia nenda, utanisimulia. Hakusema niende wapi.

Wamefika wanaimba. Waliovaa kanzu nyeupe wamepanga mstari kwenye ngazi, peku, kwenye baridi hii. Anjelika ni wa tatu. Nilikuwa sijui utaratibu wao, sasa nauona. Kila mmoja ana mtu wake anayesimama pembeni, wa kumpokea akitoka majini na kumfunika. Mzee Bartolomeo ameshika taulo kubwa jekundu, la mjukuu wake. Mama wa viazi ameshika blanketi. Hata mvulana mmoja mpiga gitaa ana dada yake na khanga.

Wa Anjelika hayupo. Rafiki zake wote wamo mstarini wenyewe. Anaangalia chini, vidole vya miguu amevikunja kwenye saruji. Hakunigeukia. Ameniuliza mara moja, nikamjibu, na huyu mtoto haulizi mara mbili.

Wa kwanza ameshuka. Mchungaji kamshika shingo, kamzamisha, katoka anatweta, taulo jekundu likamfunika mwili wote. Watu wanapiga vigelegele. Ngazi hazitelezi. Wa pili anashuka.

Anjelika anatetemeka na bado hajagusa maji.

Sina taulo. Sikuja na kitu, nimekuja kuangalia maji. Nina gauni, na juu yake kitenge cha WAWATA, sare yenyewe, Mama Maria mbele, Mama Maria nyuma. Nimekivaa kwa ajili ya makabidhiano.

Wa pili ametoka. Fulgence ananyoosha mkono, anaita jina la mwanangu. Fundo la kitenge nililikaza sana asubuhi, halifunguki kwa mkono mmoja, naweka kalamu chini